Ubao wa Idara

Barua imekuja Jumatatu: jina limebadilika tena.
Idara imehama wizara, wizara imehama jina,
na mimi, karani wa masijala hapa Lindi,
nimeambiwa nimtafute Mchopa aje na brashi.

Amekuja na baiskeli, kopo la rangi kwenye usukani.
Hakuandika kwanza. Aliulaza ubao,
akatoa wembe, akakwangua pembeni
kama anayemenya muhogo asiouamini.

Bluu. Chini ya bluu, kijani.
Chini ya kijani, nyeupe iliyogeuka rangi ya jino.
"Bluu yangu. Kijani yangu.
Hii nyeupe ya baba."

Kwenye nyeupe, herufi tatu za Kizungu
ambazo watu wa Mtanda walizitamka kwa pumzi moja,
Pidabliudii,
wakidhani ni bwana fulani mwenye makoleo.
Enzi hizo reli ilitoka bandarini ikapanda Nachingwea
kufuata karanga. Karanga zikakataa.
Wakaing'oa.
Kipande kimoja kilibaki shuleni kwetu, kwenye kamba;
ukikigonga kwa nati, watoto mia tatu wanakimbia.
Ndiyo safari pekee ya reli ile
niliyoiona ikianza kwa wakati.

Kisha Uhuru, na neno KAZI.
Mchopa, mtoto, alishika kopo.
Baba yake alianza na K kubwa mno,
I ikabanwa ukingoni, nyembamba kama njiti.
"Ikaonekana kazi imechoka mapema."

Kisha UCHUKUZI. Neno refu, ubao mfupi.
Alilikata: UCHUKU juu, ZI chini,
na miaka kumi na moja madereva wa korosho
walipita hapa wakizomea: Ziii!
Hawakukosea sana. Uchukuzi ni kuchukua.
Korosho zilichukuliwa, mkonge ulichukuliwa.
Kurudisha kuna wizara yake,
bado haijaundwa.

Ninayo faili niliyoificha isichomwe.
Simu ya upepo, masika, mwaka umeliwa na mchwa:
DEREVA AJALI LIKWANYA. NIPO MARENDEGO SIKU YA KUMI NA TISA.
TOPE LIMEFIKA MLANGONI. ABIRIA AROBAINI NA MMOJA.
NAOMBA KIBALI KUUZA TAIRI LA AKIBA TUNUNUE UNGA.

Kando, kwa wino mwekundu: Ipelekwe kwa Mhandisi.
Mhandisi: Ipelekwe Makao Makuu.
Na kwenda Makao Makuu njia ilikuwa moja.
Ombi likaondoka Alhamisi na basi la posta,
basi likazama mita sitini nyuma ya lori la Likwanya.
Wanasema aliuona muhuri wa ofisi yake kwenye mfuko,
akauliza kuna nini humo,
akaambiwa: ni siri ya serikali.

Tairi aliliuza.
Ukurasa wa mwisho ni makato ya mshahara wake,
miezi saba, sahihi ya dole gumba.

Leo lami ipo. Nakunywa chai Lindi,
jioni nipo Mbagala, sijakunja suruali.
Hapo Marendego basi halipunguzi hata mwendo.
Mimi huacha kutazama simu pale,
natafuta dirishani mahali pa tairi.
Sijui natarajia kuona nini.

"Nikwangue yote, au nipake juu?" Mchopa aliuliza.
Bosi alisema: paka juu, mgeni anafika saa nane.
"Herufi ngapi?"
Nikahesabu. Thelathini na nane.
Akaupima ubao kwa shubiri, akaupima tena,
akacheka bila sauti.

Zamani aliutundika peke yake, mkono mmoja,
msumari mdomoni. Leo aliniita mimi,
akamwita na mlinzi, Nampembe.
Mbao ni ile ile. Kilichoongezeka ni rangi.
Tukainua, magoti yakalia.

"Shikeni pembeni," alisema.
"Mstari wa chini msiuguse.
ZI bado mbichi."